Ua la Bi Tumu na Sifa za Mgeni

Msiniletee picha za simu. Nimeshawaambia nyie wasichana wa hapa Chokocho, na nnarudia tena: ua halitibiwi kwa picha. Mnafika hapa barazani, "Shikamoo Bi Riziki," marahaba sijamaliza, simu mshanisogezea puani. "Bi Riziki, langu lina majani tele lakini halichanui, nilitie mbolea gani?" Mbolea! Kila jambo kwenu mbolea. Haya, kaeni kitako, zimeni hizo simu. Leo nna hasira, na miye nikiwa na hasira ndipo nasema sawasawa.

Ua mnaloniulizia nalijua. Ni lile lenye majani mapana, marefu, ya kijani kilichokolea, linalotoa ua jeupe la jani moja lililokunjwa kidogo mfano wa kiganja, na katikati kijiti chenye vipelepele. Wauzaji wanaliita ua la amani. Amani gani! Miye limenitia kinyongo kisichopoa mpaka leo.

Nimetunza maua ya ndani katika nyumba moja ya wageni pale Madungu, Chake, tangu sijaolewa mpaka nina wajukuu. Jina la nyumba silitaji. Wenyewe wapo, na masikio wanayo. Wa kupika walikuwapo, wa kufagia walikuwapo, miye vyungu. Aliyenifundisha ni Bi Tumu, mtu wa Makoongwe, Mungu amrehemu. Yeye ndiye aliyekuja na ua hilo kutoka kwao, ndani ya kopo la rangi lililotobolewa chini kwa msumari. Halikununuliwa na nyumba. Lilikuwa lake, na kila mtu jikoni akijua kuwa ni lake.

Miguu ilipomshinda, akaaga kazi. Siku hiyo alinishika mkono mbele ya wapishi wote, akasema, "Riziki, hili ua nakuachia weye. Usiliache likafa kwa watu." Basi semeni wenyewe, ua hilo la nani? Na leo miye sina. Sina hata jani. Nilichokitaka ni mche mmoja tu, chipukizi moja la pembeni, nilipande kwenye chungu kile mnachokiona kimefudikizwa pale, mdomo chini. Ntawaeleza lilivyonitoka, na humohumo mtajua namna ya kulifanya lichanue, maana ndilo lililowaleta.

Kwanza mwanga. Nilipokuwa mgeni wa kazi, msimu wa karafuu uliingia, na mnajua Pemba msimu wa karafuu: kila penye jua pana jamvi, na kila mtu anatazama mawingu. Nikaona kila mtu anaanika, kila kitu kinapelekwa juani kipate heri. Nami nikalibeba ua la Bi Tumu nikaliweka uani, kando ya jamvi la karafuu. Alasiri majani yamebabuka, yamepauka kama nguo iliyomwagiwa dawa ya kufulia. Bi Tumu akatoka, akatazama ua, akanitazama miye.

"Riziki, weye unalea au unaanika?"

"Nalitia jua, Bi Tumu."

"Hii si karafuu, mwanangu. Huyu ni ndugu yake jimbi. Majimbi huyaona wapi? Bondeni, chini ya migomba. Ukilianika, ndiyo umelipika."

Wapishi walicheka wiki nzima. Kila nikipita, "Bi Riziki, jamvi lako liko wapi?" Nikameza, nikajifunza. Na ni kweli ni ndugu yake jimbi. Mtoto akilitafuna bichi linamwasha mdomo vilevile, kwa hiyo liwekeni juu, mbali na watoto.

Lakini kivuli nacho kina kiasi chake. Bi Tumu alikuwa akishona kofia saa za mapumziko, na sindano yake ndiyo iliyokuwa kipimo. Aliniambia nikae pale ninapotaka kuweka ua, nitunge uzi. "Ukiliona tundu la sindano bila kusogea mlangoni, na ua litaona. Usipoliona, hapo utapata majani mpaka kiama, ua hulioni." Ndiyo siri yote hiyo. Nyie mnaliweka nyuma ya kabati la vyombo, penye giza, kwa kuwa pamebaki wazi, kisha mnaniuliza mbolea. Nendeni mkatunge uzi hapo!

Pili maji. Ua hili lina madeko. Likipata kiu hujilaza chini lote, majani yananing'inia, utadhani limeletewa habari ya msiba. Palikuwa na kijana mmoja wa mapokezi, alilikuta hivyo siku moja nikiwa nimekwenda mazikoni, akapiga kelele, "Limekufa!" Akalimwagia ndoo nzima. Jioni likainuka, akajiona tabibu. Tangu hapo kila akipita, maji. Kila akipita, maji. Mizizi ikaoza, chungu kikanuka kama makumbi ya nazi yaliyolowekwa. Kuzimia si kufa, jamani. Tia kidole kwenye udongo mpaka pingili ya kwanza. Pakiwa pakavu, lipe maji yashibe yatoke chini. Pakiwa na unyevu, kaa mbali. Na maji ya mfereji yatieni kwenye ndoo wazi yalale, ile dawa ya kusafishia maji itoke. Maji ya visima vya huku pwani yana chumvi, yanaunguza ncha za majani. Ya mvua ndiyo bora.

Tatu chungu. Mnalihamishia chungu kikubwa kwa huruma, lipate nafasi. Huruma yenu mbaya. Likipewa nafasi linashughulika na mizizi, ua linasahau. Liache libanane kidogo. Na samadi kiganja tu, mara moja moja. Ukizidisha linanenepa majani. Kubanana kukizidi sana, hapo ndipo mnaligawa: mnalitoa, mnatenganisha machipukizi yenye mizizi yake, kila moja chungu chake. Lakini sikilizeni hapa, maana hapa ndipo palipo na kidonda changu. Ukishaligawa, linanuna. Miezi mingi usitegemee ua. Ligawe kabla halijaanza kutunga, au ngoja limalize maua yake. Katikati usiliguse. Hivyo ndivyo alivyonifunza Bi Tumu, na hivyo ndivyo nilivyofanya, na ndicho kilichoniponza.

Nyumba ile mwenyewe alizeeka, akamwachia mwanawe Salim. Huyo Salim alikuwa akitambaa chini ya vyungu vyangu akila udongo. Si mtu mbaya. Ana ulimi mtamu, ndiyo tabu yake. Mama yake naye ni mtu wa kheri, ila anaogopa jicho la husuda kuliko anavyoogopa moto. Mwaka mmoja ua la Bi Tumu lilichanua pale sebuleni, wageni kila aingiaye ni kulisifu. Wiki hiyohiyo pampu ya maji ikaungua, na kioo cha ukumbini kikapasuka chenyewe. Bi mkubwa akasema ni jicho, limeingilia kwenye ua. Akaamuru lihamishiwe ndani, kwenye ujia wa stoo ya mashuka, ambako hakuna dirisha, na kila usiku wa kuamkia Ijumaa likafukizwa udi na ubani.

Nikamwambia, "Bi mkubwa, ua linataka mwanga."

"Na jicho je, Riziki? Nalo utalipa mwanga?"

Jicho lipo, mwenyewe sikatai. Lakini ujia ule, wallahi, hata sindano ya kushonea magunia usingeweza kuitunga uzi. Ua likakaa humo miaka. Nililifuta majani, nikalipa maji, nikiwahi kulitoa kidogo mlangoni wakati bi mkubwa yuko msikitini au kwa jirani. Halikufa. Halikuchanua pia. Lilikaa tu, kama tulivyokaa sisi wa uani.

Mwaka wa kuacha kazi ukafika. Mgongo ulikwisha. Mwezi wa Rajabu nikaenda kwa Salim ofisini kwake.

"Sabalkheri, mwanangu."

"Alkheri, Bi Riziki. Karibu ukae."

"Sikai sana. Miye naaga. Sitaki karamu, sitaki hotuba. Nataka mche mmoja wa ua la Bi Tumu."

Akacheka. "Mche tu? Bi Riziki, chukua hata mitatu! Lakini nna ombi, nisaidie kama mama yangu. Harusi ya dada tunaiweka Mfungo Tatu, mwezi wa Hija. Wakwe wanatoka Unguja, watafikia hapa hapa. Nataka waingie waone lile ua limechanua pale sebuleni, kama zamani. Hakuna mwengine atakayeweza ila wewe. Likishachanua, harusi ikipita, ligawe, uchukue chako. Ahadi."

"Na mama yako?"

"Mama niachie miye."

Nikasema haya. Nikabaki kazini kwa ahadi hiyo.

Siku ileile nikalitoa kwenye chungu kutazama mizizi. Nikakata iliyooza, nikapunguza udongo mkongwe. Na hapo pembeni, wanangu, palikuwa na chipukizi zuri, majani manne, mizizi yake yenyewe myeupe, limejitenga na mama yake karibu liachie lenyewe. Kisu kilikuwa mkononi. Kukata ni mara moja. Tena lilikuwa haki yangu, na kijana mwenyewe keshasema chukua mitatu. Lakini nilijua nikiligawa sasa litanuna, na harusi itapita halina hata tumba. Nilikuwa nimetoa ahadi ya ua, na sikutaka kuaga kazi kwa kazi mbovu. Nikakiweka kisu chini. Nikalirudisha lote katika chungu chake kilekile, nikalishindilia udongo. Nikaliambia lile chipukizi, "Subiri, tutaondoka pamoja." Mjinga mie!

Sikulipeleka dirishani moja kwa moja. Kitu kilichotoka gizani ukikitia mwanga ghafla kinaungua. Nililisogeza kidogo kidogo, kutoka ujiani mpaka mlangoni, kutoka mlangoni mpaka ukumbini, mpaka likafika sebuleni karibu na dirisha lenye pazia jepesi. Hapo nikatunga uzi, ukapita mara ya kwanza. Nikalifuta vumbi kila jani kwa kitambaa cha maji, maana jani lenye vumbi ni kama macho yenye ukungu. Samadi kiganja. Kisha nikangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Nyie mnaotaka ua kwa wiki moja, nendeni dukani mkanunue la plastiki.

Tumba la kwanza hulioni. Linakuja la kijani, jembamba, limejificha ndani ya shina la jani. Nililigundua kwa kidole. Nililia, nasema kweli, peke yangu, na kitambaa mkononi. Halafu likaja la pili, likaja la tatu, mpaka wakwe wanafika, ua la Bi Tumu lilikuwa limejaa maua meupe juu ya kijani, limenyooka, sijapata kuliona hivyo hata siku za Bi Tumu mwenyewe. Bi mkubwa kila akipita anasema mashaallah, mashaallah, na uso umemkunjamana. Salim akanipiga bega, "Bi Riziki, weye ni mtu na nusu!" Siku hizo nilikwisha kununua udongo, na chungu kile pale nikakiosha nikakiweka tayari hapa barazani.

Wakwe wakaingia. Mbele yao mama yake bwana harusi, mama mpole, sauti nzuri, miye simlaumu hata chembe. Kavua viatu, kaitikia salamu, kakaa. Macho yake yakaenda dirishani.

"Mashaallah! Hili ua! Jamani, langu kule Unguja majani matupu, nimehangaika nalo mpaka nimechoka. Zuri hili, zuri sana!"

Mnazijua desturi zetu. Mgeni akikisifu kitu chako unamwambia, "Chako hicho, chukua." Na mgeni mwenye adabu atasema, "Ahsante, kiko mahali pake." Unamshika, anakataa, mnacheka, kimekwisha. Salim akasema, "Lako hilo, mama." Mama mkwe akacheka, "Aa, liko mahali pake, baba." Miye nimesimama mlangoni na sinia la visheti, moyo ukatua.

Bi mkubwa akasimama. Hakusema kwa adabu yule, alisema kwa woga. Bibi harusi ni binti yake pekee, na sifa imeshatamkwa, jicho limeshagusa ua lililomo ndani ya nyumba yake siku ya harusi. Kwake yeye kitu kilichosifiwa hivyo hakilali tena ndani ya nyumba.

"La, wallahi, halibaki! Lichukueni muondoke nalo. Kwa heri na baraka. Msinirudishie."

"Lakini bi mkubwa..." akaanza mama mkwe.

"Msinirudishie, nakuombeni."

Mama mkwe akaona akizidi kukataa itakuwa amevunja heshima. Akasema ahsante, akaweka mkono kifuani. Wanawake wakapiga vigelegele. Miye nikamtazama Salim. Salim akanitazama, kisha akainamisha kichwa, akawa anajitengeneza kanzu.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Ningesema nini, na wakwe wamekaa? Kwamba zawadi mnayopewa ni mali ya mfanyakazi wa vyungu? Bibi harusi yuko chumbani na hina mikononi, nimtilie nuksi miye? Nikatembeza visheti.

Na hayo hayakutosha. Siku ya kuondoka wakaniita miye, si mwengine. "Bi Riziki, tufungie vizuri, lisivunjike melini." Nikapiga magoti, nikalifunga na gunia na kanga yangu kuukuu. Chipukizi nililiona, limenenepa sasa, mizizi inachungulia juu ya udongo. Lakini mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kichwa changu, anasema kwa upole, "Taratibu, mama, taratibu, hivyo hivyo." Nikalifunga na chipukizi lake. Nikalibeba mpaka kwenye gari, miye na mgongo wangu huu.

Baadaye Salim alinifuata uani. "Bi Riziki, nisamehe. Ntakununulia jengine, zuri kuliko lile."

Nikamwambia, "Salim mwanangu, kopo la Bi Tumu halinunuliwi." Nikachukua mkoba wangu nikarudi Chokocho. Pale dirishani, nimeambiwa, pana ua la plastiki sasa. Halitaki mwanga, halitaki maji, na jicho haliligusi. Wamepata walichokitaka.

Basi hilo ndilo la kujifunza kwangu, mkitaka: chipukizi lako likate siku unapoliona. Siku ileile. Watu wote wanajua kuomba ua, wanaokumbuka mche ni wachache. Ningekuwa mvivu, ningeliacha lile ua na majani matupu, nani angelisifu? Lingekuwa pale kwenye chungu saa hii. Nimelipoteza kwa kulijua mno.

Sasa mnataka kujua hasira ya leo. Asubuhi Salim kapiga simu. Baada ya salamu ndefu akasema yule mama mkwe yuko kwenye laini, anataka kuniuliza jambo. Nikamsikia, sauti ileile nzuri. Ua tangu lilipofika Unguja lilimaliza maua yake na halikutoa tena. Kaambiwa miye ndiye mjuzi. Linataka nini?

Nilitamani nimwambie lianike juani. Lilinifika ulimini, wallahi. Kisha nikamsikia Bi Tumu, "Usiliache likafa kwa watu." Nikamweleza yote, kama nilivyokuelezeni nyie: uzi na sindano, kidole kwenye udongo, chungu cha kubana, samadi kiganja. Akafurahi, akanirudishia kila neno asije akasahau. Akaniombea dua ndefu. Kisha akasema, "Na lako je, mama? Salim alitwambia kabla hatujaondoka kuwa yalikuwa mawili, moja tukachukua sisi na moja ukachukua wewe, la sivyo nisingelichukua kabisa. Lako limechanua?"

Nikakitazama chungu kile. Kilikuwa kimekaa wima tangu nilipokiosha Mfungo Tatu, na maji ya mvua yametuama ndani. Nikamkumbuka yule binti, dada yake Salim, anayeishi sasa katika nyumba ya mama huyu, na anayepaswa kuheshimiwa humo, si kuitwa ndugu wa mwongo.

"Limejaa, mama," nikamwambia. "Limejaa meupe."

"Mashaallah," akasema.

Nikakata simu. Nikaenda nikayamwaga yale maji, nikakifudikiza chungu, kisije kikazaa mbu.